Gurudumu la Maneno Arobaini

Pale Dutwa, ukishuka kwenye basi la kutoka Bariadi na ukafanikiwa kuvuka barabara bila kukoswakoswa na bodaboda, banda la kwanza lenye tairi kuukuu juu ya bati ni la Leonidas Maganga. Kibao chake kinasema LEONIDAS FUNDI BAISKELI, PAMPU IPO. Yuko hapo mwaka wa thelathini na moja sasa. Wanasema hana mpinzani katika kunyoosha ringi, na hilo hata wanaomchukia hawalibishi. Lakini ukimwahi asubuhi, kabla wateja hawajafika, utamkuta amekalia kigoda anazungusha gurudumu lililoning'inizwa kwenye nguzo, na analisemesha.

Usikimbie. Akili zake anazo zote. Anasoma Kigiriki cha kale.

Jambo lenyewe lilianza na ekseli. Miaka saba iliyopita alipita mzungu mmoja kijana, anaendesha baiskeli kutoka huko anakokujua mwenyewe kwenda Lamadi kuliona ziwa, na ekseli ya nyuma ikamkatikia mita chache kutoka bandani. Alikuwa amenuna kama mtu aliyenyimwa mboga. Akainua macho, akakiona kibao, akaitupa baiskeli chini na kumkumbatia Leonidas mbele ya watu. Kumbe alikuwa Mgiriki. Akaeleza kwa Kiingereza na kwa mikono yote miwili kwamba Leonidas ni jina la kwao, la tangu zamani za zamani.

Leonidas alikuwa na miaka hamsini na mmoja na hakuwahi kuambiwa. Yeye alichojua ni kwamba padri wa misheni alifungua kalenda ya watakatifu siku ya ubatizo, akalitoa jina hilo, na bibi yake akashindwa kulitamka mpaka anaingia kaburini; alimwita Liyo. Alifurahi sana kusikia habari za jina lake. Halafu, furaha ilipotulia, akaona aibu. Nusu karne anatembea na jina la watu, na hata salamu yao haijui! Kwa Msukuma, mtu asiyejua kusalimia ni kama hajafika, hata akiwa amekaa ndani ya nyumba yako.

Mgiriki alilala kwa Leonidas siku mbili wakati ekseli nyingine inatafutwa. Alikula ugali, akala michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka akaomba ya njiani, na jioni akamwandikia mwenyeji wake herufi ishirini na nne kwa chaki kwenye madigadi ya baiskeli. Siku ya kuondoka akatoa kitabu chembamba mfukoni. Jalada lilikuwa limekwisha kuchanika, na jina la mwandishi lilikwenda nalo. Ukurasa wa kushoto ulikuwa Kigiriki cha kale, wa kulia Kiingereza. Akasema ni maneno ya mwanafalsafa mmoja juu ya urafiki, kwamba walilazimishwa kukisoma shuleni, na kwamba yeye mwenyewe, Mgiriki wa kuzaliwa, nusu yake hakuielewa. Akapanda baiskeli, akapunga mkono, akaenda zake.

Mtu mwingine angekifanya kitabu hicho cha kufungia karanga. Leonidas alikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne, tena cha wale waliofaulu kwa kuponea tundu la sindano, lakini alikuwa na ukaidi wa daraja la kwanza. Mpwa wake akamtafutia kwenye simu kitabu cha kujifunzia lugha hiyo, naye akapanda basi hadi Bariadi kwenda kukichapisha. Dada wa steshenari, Violeth, aliitazama karatasi ya kwanza inayotoka kwenye mashine, akamtazama na mzee.

"Baba, hizi ni hesabu au ni dawa?"

"Ni Kigiriki, mwanangu."

"Kwani Wagiriki wapo Bariadi?"

"Bado," akajibu Leonidas, kwa matumaini kabisa.

Sasa kuhusu lile gurudumu. Gurudumu la nyuma la baiskeli zetu hizi kubwa lina spoki arobaini, zile waya nyembamba zinazotoka katikati kwenda kwenye ringi. Leonidas alikata maboksi ya tyubu kuwa vipande vidogo, akaandika neno la Kigiriki kwenye kila kipande, akakibana kimoja kwa kila spoki. Analizungusha, linasimama, neno lililoangukia chini analitaja maana. Akikosa, anazungusha tena. Kila Jumatatu anabadilisha maneno yote. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa maneno matupu. Mwaka wa pili zikaja sentensi fupifupi. Mwaka wa tatu akaingia kwenye kitabu chenyewe, na ukurasa wa kwanza ulimchukua masika yote. Ule upande wa Kiingereza aliufunika kwa karatasi, asije akajidanganya. Aliufungua pale tu alipokwama kabisa.

"Wenzako wanazeeka na ng'ombe," mkewe Esteria alimwambia, "wewe unazeeka na waya."

"Waya hazili pamba ya jirani," akajibu. Esteria akacheka, maana alikuwa amemzoea.

Mtu pekee aliyekutana na Kigiriki hicho zaidi ya Esteria alikuwa Mahona. Mahona alikuwa mkulima wa pamba, rika lake Leonidas, jirani yake wa kitongoji kimoja. Mtu mrefu, mkimya, mwenye baiskeli iliyomzidi umri mtoto wake wa kwanza. Baiskeli hiyo ilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Kila Jumanne, siku ya mnada, ilifika bandani tairi la nyuma limelala chini kabisa. Leonidas anaitoa tyubu, anaizamisha kwenye karai la maji, anaisokota kipande kwa kipande akingoja mapovu. Hakuna povu. Alibadilisha vali mara tatu. Alibadilisha tyubu nzima. Jumanne inayofuata, tairi liko chini.

"Baiskeli yako imelogwa," alimwambia siku moja.

"Inawezekana," Mahona akajibu, akavuta ndoo akaikalia. "Yule mzee wako wa kitabuni anasemaje wiki hii?"

Basi fundi anatafuta pancha isiyoonekana, na huku anasimulia. Kitabu kiko wazi juu ya sanduku la spana. Anasoma mstari mmoja kwa Kigiriki, anautafsiri kwa Kisukuma, na Mahona anatikisa kichwa polepole kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Halafu anauliza swali. Maswali yake yalikuwa machache lakini yalikuwa na meno. Leonidas alisumbuka nayo wiki nzima, na mara nyingi ndiyo yaliyomfanya afungue kitabu usiku akiwa amechoka hoi. Ikaenda hivyo kwa miaka minne, na katika miaka hiyo minne hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenzake "njoo" au "nataka kuja." Ilikuwa ni baiskeli mbovu tu na fundi wake.

Mwaka jana, pamba ikiwa imekwisha kuuzwa na watu wana nafasi ya kupumua, walifika pale mwandishi anapouliza iwapo mtu mwenye kila kitu anahitaji rafiki. Mahona akaisogeza ndoo yake karibu.

"Hilo ni swali zuri," akasema. "Ana ng'ombe, ana watoto, ana afya, shamba lake limekubali. Rafiki wa nini? Wa kumla tu? Hebu nitafutie jibu lake, fundi. Usinifiche."

"Jumanne utalipata."

Jumanne ilifika jibu halipo. Sura ile ilikuwa ngumu kuliko zote, mwandishi anazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Na bandani hapakukalika: pancha, cheni, pedeli, "fundi nina haraka." Leonidas akafanya uamuzi ambao mpaka leo akiukumbuka hushika kichwa. Jumatatu iliyofuata, alfajiri, alimuaga Esteria kwamba anakwenda Malampaka kwa dada yake, siku tatu. Huko alijifungia kwenye chumba cha nyuma, karibu na reli, akazima simu ili asisumbuliwe, akamwomba dada yake amsogezee chakula mlangoni. Alisoma kama mwanafunzi wa mtihani. Siku ya tatu alasiri, treni ya mizigo ikipita na kutikisa dirisha, jibu likamfungukia. Alipiga kelele peke yake chumbani. Dada yake akaja mbio akidhani ni nyoka.

Alirudi asubuhi ya nne. Hakupita hata kwake, alishuka kwenye basi akaenda moja kwa moja kwa Mahona, kitabu mkononi, akaanza kuita tangu kwenye ua wa minyaa: "Mahona! Nimelipata! Ng'osha, mwanaume wewe, toka nje, nimelipata!"

Uani palikuwa na wanawake wamekaa chini kwenye mikeka. Wote waligeuka wakamtazama. Upande wa zizi palikuwa na udongo mwekundu uliorundikwa, mbichi, na msalaba wa mbao.

Mahona alianguka shambani Jumatatu kwa presha. Alizikwa Jumatano. Esteria alipiga simu mara ishirini na tatu, na dada mtu naye simu yake ilikuwa imekufa chaji tangu Jumapili. Leonidas alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemsogelea. Ilimuuma kama kitu kilichokatwa mwilini.

Sasa mgeni anaweza kusema: bahati mbaya, alikuwa safarini, yamekwisha. Huyo hajui kuzikana kwetu. Hapa kila kaya imo kwenye kikundi cha kuzikana, na sheria zake mtoto wa darasa la pili anazijua. Msiba ukitokea, jembe lako lionekane kaburini. Kama unaumwa, mtume mwanao. Kama unasafiri, acha njia ya kukupata. Kuzima simu ni sawa na kuziba masikio. Na kwa rafiki wa marehemu ni mara mbili, kwa sababu rafiki ndiye anayepiga jembe la kwanza. Siku ile watu walisimama na majembe yao wakimngoja Leonidas apige la kwanza, jua likapanda, mwishowe akapiga mtu mwingine.

Kikao kiliitwa Jumapili kwenye uwanja wa ghala la pamba. Ndalahwa, mwenyekiti wa kuzikana, ni mtu wa maneno ya wazi.

"Leonidas, jembe lako lilikuwa wapi?"

"Nilikuwa Malampaka."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Dada yako anaumwa?"

"Hapana, mzima."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasoma."

Minong'ono ikapita. Nyuma mtu akauliza kama kuna mtihani wa wazee serikali haijautangaza. Ndalahwa akanyoosha mkono wanyamaze.

"Kitabu unacho? Hebu simama utusomee hicho kilichokuzuia. Nasi tukijue."

Akasimama. Akasoma Kigiriki mbele ya kijiji kizima, mistari minane. Kigiriki hicho hakikuwahi kusikika kwenye uwanja ule, na mbuzi mmoja aliacha kula akatazama. Halafu akatafsiri kwa Kisukuma. Akasema mzee yule anauliza kama mtu mwenye kila kitu anahitaji rafiki, na anajibu kwamba anahitaji. Rafiki si wa kukuongezea kitu. Ila kile unachokipenda kuliko vyote, kiwe kulima au kuwinda au kunywa au kuwaza, hakina ladha ukikifanya peke yako. Unataka mwenzako awepo.

Ndalahwa akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Gashi!" akasema. "Kumbe ulikuwa unajua! Mimi nilifikiri hujui, nikajiandaa kukutetea. Mtu anayejua hivi, halafu anajifungia chumbani peke yake na rafiki yake anazikwa?"

Akatozwa mbuzi, akamtoa siku hiyo hiyo. Lakini mbuzi ni mbuzi. Adhabu yenyewe ilikuwa kutengwa, na mtu wa kuifungua ni mfiwa peke yake, yaani Nyanjige, mjane wa Mahona. Mpaka yeye atakapomsemesha Leonidas hadharani, hakuna atakayemsalimia, atakayempa moto wala kumpelekea kazi.

Walio mjini watadhani ni mchezo. Wiki ya kwanza Leonidas alifungua banda, akapanga spana, akakaa. Baiskeli zilipita zimesukumwa, tairi chini, kwenda kwa kijana anayepiga viraka karibu na mashine ya kusaga, ambaye hawezi kunyoosha ringi hata ya mtoto. Watu aliowatengenezea breki kwa miaka thelathini walitazama upande wa pili. Esteria alisindikizwa kisimani na kimya. Alivumilia, lakini jioni moja aliweka sufuria chini kwa nguvu na kusema, "Mume wangu, hicho kitabu kimetula."

Leonidas hakubisha. Alivibandua vile vipande arobaini kimoja kimoja kwenye spoki, akavitia kwenye kopo la grisi. Kitabu akakisokomeza chini ya sanduku, chini kabisa, chini ya nyundo. Aliapa kwamba hatakifungua tena. Na niseme ukweli, haikuwa kwa sababu ya kutengwa. Kila alipokifungua alikuwa anasikia swali la Mahona, na hakuwa na mtu wa kumpa jibu.

Ulipita mwezi na siku kadhaa. Jumanne moja asubuhi, mnada umefurika, Leonidas amekaa anatazama gurudumu tupu, akamwona Nyanjige anakuja barabarani. Amejifunga kanga nyeusi. Anasukuma baiskeli ya marehemu, na tairi la nyuma liko chini. Watu wa mnada wakaanza kupunguza sauti. Alipita mbele ya kijana wa viraka, hakugeuka. Akaja akasimama mbele ya banda.

"Mwangaluka, fundi," akamsalimia, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza dagaa.

Leonidas alisimama haraka mpaka kigoda kikaanguka. "Mwangaluka, mayu. Mwangaluka, mama."

"Baiskeli haina upepo."

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaitoa tyubu, akailowesha kwenye karai, akaisokota kipande kwa kipande kama alivyofanya Jumanne zote zile. Hakuna povu. Akaikagua vali. Nzima, mpya kabisa; yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka.

"Mayu, sioni pancha. Hii baiskeli mimi imenishinda tangu zamani."

Nyanjige akavuta ndoo. Ile ile. Akaikalia.

"Pancha haijawahi kuwepo, fundi. Alikuwa anaifungulia vali pale nyuma ya mashine ya kusaga, upepo wote unatoka, halafu anaisukuma mpaka hapa. Kila Jumanne. Nilimwona kwa macho yangu. Nikamwambia, Baba Salu, si umwambie tu fundi kwamba unapenda kusikiliza? Akasema, mtu mzima haendi kukaa bure kwenye kazi ya mwenzake; watu watasema hana shughuli. Akasema, baiskeli ikiwa mbovu nakaa kwa heshima yangu."

Leonidas alishika tyubu, maji yanamchuruzika kwenye viwiko. Alizihesabu kichwani Jumanne za miaka minne. Alizikumbuka vali tatu na tyubu nzima. Na yeye, mjinga mwenye lugha tatu na nusu, hakuwahi kusema neno moja jepesi: kaa, leo usilete baiskeli, njoo tu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na grisi.

"Na leo?" akauliza. "Leo nani ameifungulia?"

"Leo mimi," akasema Nyanjige. "Siku moja kabla hajaanguka alikuwa anasubiri jibu lako. Alisema kuna mtu mwenye kila kitu. Mimi kwenye kikao sikuja, nilikuwa msibani. Sijalisikia."

Leonidas akainama, akaiondoa nyundo, akaziondoa spana, akakivuta kitabu kutoka chini. Akapangusa mikono kwenye suruali. Akasoma mistari minane, kwanza kwa Kigiriki, kwa sababu Mahona alikuwa anapenda waanzie huko, halafu kwa Kisukuma, taratibu, akisimama pale ambapo Mahona angetikisa kichwa. Nyanjige alisikiliza ametazama chini. Nyuma yake walikwisha kusimama wanaume watatu na baiskeli zao, na Ndalahwa mmoja wao, cheni mkononi, anangoja zamu yake.

"Basi alilijua," Nyanjige akasema alipomaliza. "Jibu alikuwa nalo siku zote."

Leonidas akairudisha tyubu, akapiga pampu mpaka tairi likasimama vizuri, akaanza kukaza vali. Nyanjige alinyoosha mkono, akamzuia.

"Hiyo usiikaze sana, fundi," akasema. "Jumanne ijayo nitakuja nayo tena."